Mzee Kiarie na Mwalimu wa Kusimama

Kiarie wa Kariandusi alianza kumwonea mke wake wivu akiwa na miaka sabini na minne, umri ambao wenzake wengi walikuwa wakiwaonea wivu tu watu wenye meno.

Kabla ya hapo hakuwa mtu wa namna hiyo. Alifanya kazi karibu maisha yake yote kwenye machimbo ya udongo mweupe, akipita juu ya kingo nyembamba za shimo na sululu begani, wakati wenzake walizunguka chini kwa kuogopa kuteleza. Jioni alirudi nyumbani mweupe kuanzia kope hadi vidole vya miguu, na Wangare alikuwa amekwisha kumwekea maji ya kuoga nyuma ya nyumba. Hawakuwa watu wa kusemeshana sana. Walisomesha watoto, watoto wakaondoka, wakabaki wawili kwenye nyumba yao ya mabati juu ya barabara kuu, mahali ambapo asubuhi ukitoka nje unaliona ziwa Elmenteita lote, pamoja na ule ukingo wake wa waridi wa flamingo.

Ziwa ndilo lililompotea Kiarie kwanza.

"Flamingo wamehama," alimwambia Wangare asubuhi moja.

Wangare alikuwa anachambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Watarudi," akasema.

Baada ya hapo Kiarie aliacha mambo moja baada ya jingine, na kila alichokiacha alikipa sababu. Aliacha kwenda sokoni Gilgil kwa sababu watu wa bodaboda wamekosa adabu. Aliacha kushika jembe kwa sababu mgongo unauma, ingawa ukweli ni kwamba siku hiyo alikuwa ameng'oa kabichi akidhani ni magugu. Mwisho akabaki na kiti cha plastiki kando ya ukuta wa jikoni, akikisogeza kufuata jua. Hakumwambia mtu kwamba jicho la kulia lilikuwa kama dirisha lililopakwa uji na la kushoto lilikuwa linaelekea huko huko. Wala hakusema kwamba siku hizi akisimama ghafla, mwili ulitangulia upande mmoja na miguu ikafuata baadaye.

Lakini aliyeanguka kwanza ni Wangare. Mvua ya Aprili ilikuwa imelowesha kizingiti cha jikoni, akateleza na sufuria ya maji, akavunjika kifundo cha mkono. Muuguzi aliyemfunga plasta, Sista Joan, alimwambia asimame bila kushika kitu. Wangare akasimama, akayumba, akashika meza.

"Mkono utapona, mama," Sista Joan akasema. "Miguu ndiyo inanitia wasiwasi. Ukianguka tena inaweza kuwa nyonga." Akamwelekeza kwenye kikundi cha wazee kilichokuwa kikikutana katika ukumbi wa kanisa kila Jumanne na Ijumaa, kufanya mazoezi ya miguu na ya kushika balansi.

Aliyekifundisha alikuwa mwalimu mstaafu aitwaye Weldon, mtu wa Olenguruone, aliyewafundisha watoto michezo shuleni maisha yake yote. Mke wake alikuwa amefariki, naye akaja kukaa na binti yake Kariandusi. Wangare alikwenda mara ya kwanza ili kumridhisha Sista Joan tu. Mara ya pili alikwenda kwa sababu alicheka sana ile ya kwanza. Haukupita mwezi akanunua raba za mazoezi.

Kiarie hakuziona zile raba vizuri. Alizisikia. Nyayo za mke wake alizijua kuliko alivyoijua sura yake: zilikuwa zikiburuta, hasa ule mguu wa kushoto, kuanzia jikoni hadi kwenye tangi la maji na kurudi. Sasa zilikuwa nyepesi na za haraka. Zilikuwa nyayo za mwanamke kijana, na Jumanne na Ijumaa zilishuka njia ya kanisani zikimwacha yeye kwenye kiti.

Siku moja alimsikia ameacha kuosha vyombo ghafla.

"Unafanya nini?"

"Nasimama kwa mguu mmoja," Wangare akajibu. "Mwalimu Weldon anasema mtu asimame hivi mpaka amalize Baba Yetu."

"Kumbe anafundisha na kusali."

"Anafundisha kusimama, Baba Shiko."

Shiko, binti yao wa Nakuru, akamletea mama yake trakisuti ya buluu. Kiarie alikishika kitambaa, akakisugua kati ya vidole. "Mwanamke wa umri wako kwenye suruali," akasema. Wangare akamjibu kwamba sketi ndiyo iliyomwangusha jikoni, akaichukua nguo yake na kwenda kuianika.

Kuanzia hapo Kiarie akawa anahesabu jina la mwalimu kila lilipotajwa. Mwalimu alisema tukitembea tuangalie mbele, si chini kwenye vidole. Mwalimu alisema wazee huanguka kwa sababu ya kukaa. Hilo la pili lilimchoma hasa, kwa sababu alipolisikia alikuwa amekaa. Usiku alisema hana hamu ya chakula. Wangare akala, tena akala vizuri, na Kiarie akasikiliza kijiko chake kikigonga sahani akaona kwamba hata njaa yake ilikuwa imerudi ujanani.

Jirani yao Eucabeth, mjane mkubwa wa mwili na wa sauti, naye alikuwa kwenye kikundi. Alipita siku moja kuomba kiberiti, akamkuta Kiarie peke yake.

"Mke wako ni nambari wani kule," Eucabeth akasema bila nia mbaya. "Mwalimu akitaka kutuonyesha zoezi, yeye ndiye anashikwa mkono."

"Mkono upi?"

Eucabeth akacheka. "Yote miwili, mzee. Na macho amefunga. Akifungua anaambiwa arudie."

Akaondoka na kiberiti chake. Kiarie akabaki anaiona picha ile, na kwa kuwa macho yalikuwa hayamwonyeshi kitu kingine cha maana, aliiona waziwazi: mke wake amefumba macho, mikono yake yote miwili iko ndani ya mikono ya mwanamume mwingine.

Ijumaa iliyofuata Wangare alipoondoka, Kiarie alivaa koti na kofia, akachukua fimbo, akashuka nyuma yake. Njia hiyo hakuwa ameipita kwa miezi. Alijiongoza kwa mkono kwenye ua wa kayaba, miiba ikamchoma, akaendelea. Pale ua ulipokatika alitembea kama mtu anayevuka mto, mguu mmoja ukipima kabla ya mwingine kuthubutu. Alipofika ukumbini jasho lilikuwa limelowesha ukosi wake.

Akasimama dirishani. Ndani kulikuwa na ukungu wa rangi tu. Kisha akatambua rangi moja. Ilikuwa sweta ya hudhurungi ya akina mama wa kanisa, ile Wangare aliyotoka nayo asubuhi, na mbele yake kivuli kirefu kilichonyooka. Vilikuwa vimeshikana mikono.

"Usifungue macho," sauti ya mwanamume ikasema kwa upole. "Hamisha uzito pole pole. Niko hapa, siwezi kukuachilia."

Mwanamke akacheka kidogo, kama mtu anayetekenywa.

Kiarie hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika mlangoni. Nje jua lilikuwa kali, ndani giza, na kati ya jua na giza kulikuwa na ngazi moja ya kushuka ambayo kila mtu aliiona isipokuwa yeye. Mguu ulikanyaga hewa. Fimbo ikaruka upande, akaanguka kifudifudi kwenye saruji mbele ya wazee wote wa mtaa.

"Baba Shiko?"

Sauti ya Wangare ilitoka mahali pasipofaa. Haikutoka mbele yake, pale penye sweta. Ilitoka kwenye kona ya nyuma. Kiarie akageuza uso na kutazama juu, na mlio wa sauti kubwa juu yake ukamjulisha kwamba aliyekuwa ameshikwa mikono na mwalimu ni Eucabeth, naye amevaa sweta kama ile.

Weldon akainama na kunyoosha mkono. "Usiniguse," Kiarie akasema. Weldon akarudi nyuma hatua moja.

Wangare ndiye aliyemwinua. Hakumvuta. Alivuta benchi karibu, akapiga goti kando yake. "Geuka kwa ubavu," akamwambia. "Sasa magoti. Weka mikono kwenye benchi. Mguu wenye nguvu utangulie. Sukuma." Akamshika kiunoni, na Kiarie akauhisi mwili wa mke wake ukimbeba bila kutetemeka, imara kama nguzo za mbao walizokuwa wakizisimika machimboni. Alifedheheka kuliko alivyoumia.

Walipanda nyumbani polepole. Wangare alimkalisha kwenye kiti chake cha nje, akachemsha maji, akaanza kumsafisha paji la uso.

"Ulikuja kunifumania," akasema.

Kiarie akapapasa magoti ya suruali yake.

"Ukamfumania Eucabeth." Kitambaa kikasimama. "Kiarie."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu mtoto wa kwanza azaliwe.

"Eucabeth ananizidi kichwa kizima. Ananizidi mwili mara mbili. Hukuona kwamba si mimi?"

"Ndani kulikuwa na giza. Niliona sweta yako."

"Tuko nje sasa. Nimevaa nini?"

Kiarie akageuza uso kuielekea sauti. "Hiyo sweta," akasema.

Sweta Wangare alikuwa ameivua kabla ya mazoezi kuanza, na ilikuwa bado imebaki kule ukumbini juu ya benchi. Alikuwa amesimama mbele ya mume wake na trakisuti ya buluu, hatua moja tu kutoka kwake. Akaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Tangu lini?"

"Tangu flamingo walipohama."

"Flamingo hawajahama," Wangare akasema. "Wako pale. Nawaona sasa hivi."

Aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko kwa muda mrefu. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini hilo Kiarie hakuliona. Alichosikia ni hasira.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, ungeacha kwenda. Ungekaa hapa kunishika mkono kwa huruma." Akapangusa pua. "Sikutaka mkono wa huruma wakati mtu mwingine anapewa mkono wa furaha."

Wangare akaingia ndani. Alimpigia simu Shiko.

Daktari wa macho kule Nakuru alisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba mzee amechelewa lakini hajachelewa sana. Walianza na lile la kulia. Siku ya kufunguliwa bandeji, kitu cha kwanza Kiarie alichokiona ni uso wa Wangare ukiwa karibu sana. Alikuwa amezeeka. Mikunjo iliyokuwa myepesi alipoiacha ilikuwa imezama, na kando ya mdomo kulikuwa na mstari mpya asioujua. Alimtazama mpaka Wangare akaona haya.

"Sema basi," Wangare akasema.

"Ni wewe," Kiarie akasema.

Jicho la pili lilipopona, Mwalimu Weldon alikuja kumjulia hali, amebeba mfuko wa matunda ya pasheni. Ndipo Kiarie alipomwona kwa mara ya kwanza. Mgongo ulionyooka. Tumbo lililolala. Meno yote. Viatu safi, na barabara ya huko ni vumbi tupu. Gizani alikuwa amemwonea wivu mtu asiye na sura. Sasa mtu yule alikuwa na sura, na ilikuwa nzuri.

"Naona vizuri sasa," Kiarie akamwambia, kama onyo. "Nitaanza kushuka shambani."

"Endelea, mzee, lakini ushuke pole pole," Weldon akasema. "Kusimama kunategemea mambo matatu. Macho yanakwambia dunia imelalaje. Ndani ya sikio kuna kitu kinachojua kichwa kimeinama wapi. Na nyayo na miguu vinajua vimekanyaga nini. Macho yako daktari ameyarudisha. Lakini miguu ilikaa kwenye kiti muda wote huo, na miguu hairudishwi kwa kufunguliwa bandeji."

Kiarie aliona ametukanwa. Kesho yake alishuka shambani peke yake, makusudi, kwa njia ya mkato. Aliona kila jiwe na kila tuta. Katikati ya viazi aligeuka kutazama nyuma, kugeuka tu, na mwili ukaenda kulia peke yake. Magoti hayakuudaka. Akajikuta amekaa kati ya matuta, macho mazima, anaiona vizuri kabisa njia asiyoweza kuipanda. Alikaa pale mpaka hasira ikamwisha, akageuka kwa ubavu, akapiga magoti, akashika nguzo ya ua na kusukuma, kama Wangare alivyomwelekeza.

Jumanne akaenda ukumbini. Hakumwambia Wangare sababu, naye hakuuliza. Kwa mguu mmoja hakufika hata "utakalo lifanyike". Akina mama walicheka, Eucabeth zaidi ya wote. Wangare hakucheka. Alikuwa mbele, anatembea kisigino kikigusa vidole kwenye mstari wa chaki, mabega ametulia, na Weldon alikuwa akiitazama miguu yake. Kiarie aliona jinsi alivyoitazama. Hakukuwa na ubaya wowote wa kumshtaki nao, na hilo lilimuudhi zaidi, maana ungekuwepo angejua la kufanya.

Kisha zamu yake ikafika ya kufumba macho. Weldon alimsimamisha juu ya gunia lililokunjwa, akamshika mikono yote miwili. Kiarie alikuwa amepanga kumminya mpaka aombe msamaha. Alipofumba macho dunia ikayumba, akajikuta ameminya kweli, lakini kwa hofu.

"Niachie kidogo tu," Weldon akasema taratibu, wengine wasisikie. "Hutaanguka. Mke wangu aliangukia bafuni. Nyonga. Hakurudi kutoka hospitalini. Mimi mtu nikimshika hapa, simwachilii."

Mikono yake ilikuwa mikavu na ya moto. Kiarie hakusema pole. Alilegeza vidole.

Jioni hiyo Wangare alikuwa anapukuchua mahindi mlangoni. Kiarie akaketi karibu, akachukua hindi moja.

"Unampenda yule mwalimu?"

Wangare aliendelea kupukuchua. Kiarie akajuta kuuliza.

"Napenda anavyonitazama nikitembea," akasema mwishowe. "Anajua mguu wa kushoto umechoka kabla mimi sijajua. Ni hilo tu, lakini ni kitu. Wewe uliitazama miguu yangu lini?"

"Nilikuwa sioni."

"Kabla ya hapo, Baba Shiko. Wakati ulikuwa unaona mpaka ng'ambo ya ziwa."

Kiarie akachukua hindi jingine. Wakapukuchua mpaka karai likajaa.

Asubuhi Wangare alijitwika mahindi kwenda kusaga. Kiarie akachukua fimbo na kumfuata. Safari hii hakujificha, alikuwa nyuma yake tu. Alimtazama njia nzima. Aliona raba zilivyoliwa upande wa nje. Aliona jinsi alivyoegemea kilima kabla hakijaanza.

"Mguu wa kushoto unatupa nje," akasema walipokaribia kinu.

"Najua," Wangare akasema bila kugeuka. Lakini alipunguza mwendo, akamngoja afike kando yake.

Weldon alirudi Olenguruone mwaka uliofuata, ndugu yake alipougua na ng'ombe wakakosa mtu. Siku ya kumuaga wazee walileta chai na mandazi. Wangare alilia mbele ya watu, machozi ya wazi, na Kiarie akasimama kando yake ameshika mkoba wake, akitazama sakafu. Alikuwa amefurahi mwalimu anaondoka. Pia alipomshika mkono kumuaga, aliushika muda mrefu kuliko alivyokusudia, na wote wawili wakaangalia pembeni.

Kikundi kilimchagua Wangare awe mwalimu. Siku hizi yeye ndiye anayewashika mikono wote, wanawake kwa wanaume, na wengine wanatoka mbali. Kuna Mbugua, aliyekuwa dereva wa lori na sasa ana nyumba Mai Mahiu. Alikuja kwa dada yake baada ya kuanguka mara nyingi, akajiunga kwa wiki mbili, na bado yupo. Wangare humsimamisha juu ya gunia, humwambia afumbe macho, humwambia hamwachilii. Mbugua hutabasamu akiwa amefumba.

Kiarie husimama upande wa pili wa ukumbi, kwa mguu mmoja, na siku hizi anafika hadi "ufalme ni wako". Shamba analima. Sokoni anakwenda mwenyewe. Hajaanguka tena. Lakini macho yake ni mazuri sana sasa, na ameona kwamba Mbugua hunyoa ndevu kila Jumanne na kila Ijumaa. Kwa hiyo yeye naye ameanza kunyoa.